Mdogo wangu anakimbia marathoni: tusimame wapi tumwone?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mdogo wangu wa kiume atakimbia marathoni kwa mara ya kwanza, katika mbio za mji wetu zinazoanza saa 12 asubuhi. Anatarajia kumaliza kwa saa 4 na nusu. Njia inaanzia uwanja wa michezo, inazunguka mjini kilomita 10 na kupita tena jirani na uwanja, kisha inashika barabara kuu ya kutoka nje ya mji. Kuanzia kilomita ya 20 hadi ya 24 kuna mlima. Wanageuka kwenye kilomita ya 26 na kurudi kwa barabara ileile mpaka uwanjani. Tutakuwa wanne: mimi, mume wangu, mama yetu ambaye magoti yanamsumbua, na binti yangu wa miaka sita. Kila mtu anasema tukae kwenye mstari wa kumalizia. Ni kweli hapo ndipo pazuri?

Jibu: Dada, mstari wa kumalizia mwachie mama. Wewe nenda ukasimame chini ya mlima, kwenye kilomita ya 20, na usiondoke hapo mpaka mdogo wako arudi akiwa kwenye kilomita ya 32. Mkigawana hivyo, familia yenu itamwona mara tano, na hakuna atakayelazimika kuhangaika na barabara zilizofungwa.

Nimefundisha wakimbiaji na kusimamia njia za mbio kwa muda mrefu, na jambo linaloniuma kila msimu ni hili: watazamaji wanajazana sehemu mbili tu, mwanzo na mwisho, huku katikati mkimbiaji akipita kilomita nyingi bila kusikia hata sauti moja inayomjua. Kwa hiyo swali lako limenifurahisha, na nitalijibu kwa kirefu.

Kabla ya kutafuta mahali, tafuta saa. Saa 4 na nusu ni dakika 270. Ukizigawa kwa kilomita 42.195 unapata dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Na kwa kuwa mnaanza saa 12 kamili, saa yetu ya Kiswahili imekwisha kukufanyia nusu ya hesabu, maana muda aliokimbia na saa ya asubuhi vinalingana. Kilomita ya 10 ataifikia saa 1:04, ya 20 saa 2:08, ya 30 saa 3:12. Kuanzia hapo usimwekee mwendo uleule. Mtu wa marathoni ya kwanza mimi humkadiria dakika 7 na nusu kwa kilomita baada ya ya 30, kwa hiyo kilomita ya 32 atakuwapo kama saa 3:27, na uwanjani kama saa 4:43. Akiwahi zaidi ya hapo, mshangilieni zaidi.

Ongeza dakika chache za mwanzoni. Wakimbiaji wa kasi yake hupangwa nyuma, na ishara ya kuanza ikitolewa wao bado wamesimama, wanasogea polepole kuelekea mstarini. Kama mbio zenu zinatumia chipu, yaani kifaa kidogo cha kupima muda anachobeba mkimbiaji, muda wake binafsi unaanza anapokanyaga mkeka wa mwanzo unaoisoma chipu hiyo, lakini saa yako wewe mtazamaji inaanza na ishara. Wasioijua tofauti hiyo ndio wale wanaopiga simu kwa hofu, "mbona hajafika?", wakati kijana yuko barabarani na anaendelea vizuri.

Sasa mstari wa kumalizia wenyewe. Sina ugomvi nao. Kama unafuata mbio za washindi, kuna siku mstari huo unalipa kila kitu. Waliokuwa uwanjani Tokyo mwezi Septemba 2025 walimwona Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani wakiingia pamoja, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, na Simbu akapewa dhahabu ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kabla ya hapo, Boston mwaka 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu baada ya kilomita zote zile. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hayasahau.

Lakini mbio nyingi haziishi hivyo, na mdogo wako hatagombea sekunde na mtu. Mstarini kuna uzio, kuna wapiga picha, kuna vichwa vya watu safu tatu mbele yako. Mkimbiaji anafika macho yakiwa kwenye saa kubwa iliyo juu ya mstari, hasikii jina lake kwa sababu ya vipaza sauti, na akishapita anapelekwa moja kwa moja kwenye eneo ambalo wewe huruhusiwi kuingia. Zaidi ya hayo, anapofika pale hakuhitaji tena. Mita 200 za mwisho zinamvuta zenyewe.

Anakuhitaji kwenye kilomita ya 32.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na ndio kuni ya haraka ya mkimbiaji. Kwa watu wengi akiba hiyo huanza kukauka karibu na kilomita ya 30, kutegemea mazoezi, kasi ya mwanzo na walichokula njiani. Ikikauka, mwili unageukia mafuta, ambayo hayatoi nguvu kwa kasi ileile. Miguu inakuwa mizito ghafla, akili inapunguza hamu ya kila kitu, na mtu aliyekuwa anatabasamu kwenye kilomita ya 25 anaanza kujiuliza kwa nini alijiandikisha. Ndiyo maana kwenye marathoni husemwa kwamba nusu ya mbio inaanzia kilomita ya 30. Na kwa bahati mbaya, kwenye njia nyingi za kwenda na kurudi kama yenu, kipande hicho kiko nje ya mji, mahali pasipo na mtu. Mtazamaji mmoja pale ana thamani kuliko mia uwanjani.

Sasa tazama jinsi njia yenu ilivyokupendelea. Kutoka chini ya mlima hadi pa kugeukia ni kilomita 6, na kurudi ni 6 nyingine. Kwa hiyo palepale uliposimama ni kilomita ya 20 kwa anayekwenda na ya 32 kwa anayerudi. Utamwona saa 2:08 akiwa na nguvu, anauangalia mlima, na utamwona tena karibu saa 3 na nusu akiwa ameshuka kutoka mlimani. Kati ya nyakati hizo mbili una zaidi ya saa nzima, na hutachoka kusubiri, kwa sababu mbio yote itakupitia.

Tuchukue kiongozi wa mbio za mji anayemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Huyo anakwenda karibu dakika 3 na sekunde 19 kwa kilomita. Atakupita mara ya kwanza kama saa 1:06 na mara ya pili kama saa 1:46, kabla hata mdogo wako hajafika kwako kwa mara ya kwanza. Hapo fanya hivi: chagua nguzo au kibao ng'ambo ya barabara. Kiongozi akikipita, anza kuhesabu sekunde mpaka wa pili akipite. Kwa kasi yao kila sekunde ni karibu mita 5, hivyo sekunde 20 ni mita 100. Hesabu wakienda, hesabu tena wakirudi. Kama wa pili alikuwa nyuma sekunde 40 kabla ya mlima na sasa ziko 15, umeshajua kitakachotokea uwanjani kuliko walioketi huko. Mimi nikiwa sina mkimbiaji wangu kwenye mbio, hivyo ndivyo ninavyotazama, na sijapata njia nyingine inayonipa raha zaidi.

Usishangae kama kundi la mbele likipita mara ya kwanza wote pamoja, wamebanana nyuma ya gari linaloongoza. Huo ni mwendo wa kuvumiliana. Kuchomoka kwa kweli huja mlimani au baada ya kilomita ya 30. London mwezi Aprili 2025, baada ya kilomita ya 30, wenzake Sabastian Sawe wa Kenya walikwenda kwenye meza ya vinywaji kuchukua chupa zao. Yeye alipita bila kuchukua, akaongeza kasi, na hawakumwona tena hadi alipomaliza kwa saa 2:02:27. Waliokuwa wamesimama hatua chache baada ya meza ile waliona mbio ikiamuliwa.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye meza za maji, maana watu wengi husimama jirani nazo wakidhani wataona vizuri. Kwenye mbio ndefu vituo hivyo huwekwa takriban kila kilomita 5. Pale mezani penyewe ni pabaya: vikombe vimetapakaa, lami inateleza, wakimbiaji wanakata njia ghafla kwenda kushoto na kulia, na kila mmoja anatazama kikombe. Sogea mbele mita 100 au 200. Hapo mtu ameshakunywa, amepunguza mwendo kidogo, ameinua kichwa. Atakuona na utamwona uso.

Kuhusu mlima, nakushauri ukae chini kwa sababu ya mdogo wako. Ungekuwa peke yako na unataka mashindano tu, ningekupeleka juu kabisa, kwenye kilomita ya 24, ambapo ni ya 28 pia wakirudi. Mlimani kasi inapungua, kundi linavunjika, na uso hauwezi kuficha kitu. Marathoni ya Boston ina mlima wa mwisho katika mji wa Newton, karibu kilomita ya 33, ambao jina lake maarufu, Heartbreak Hill (mlima wa kuvunjika moyo), linatokana na mbio za 1936. Johnny Kelley alimfikia Ellison Brown aliyekuwa akiongoza, akampigapiga begani alipokuwa akimpita. Brown akachukulia kama kuchokozwa, akaongeza mwendo, akashinda, na Kelley akavunjika moyo. Tangu hapo mlima ule unaitwa kwa msiba wa moyo wa Kelley. Mabadiliko kama hayo hutokea kwenye mwinuko, na mtu aliyesimama kileleni anayaona yakija tangu mbali.

Ila kwa mdogo wako kileleni ni mapema mno. Kwenye kilomita ya 28 bado hajaanza kuteseka, na mteremko bado uko mbele yake. Mteremko unawadanganya wengi: pumzi inarudi, lakini kila hatua misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, na akifika chini kwenye tambarare ndipo anagundua kwamba mapaja yamekwisha. Hapo chini ndipo pako wewe.

Ukishafika, chagua upande. Njia ikiwa ya kwenda na kurudi, simama upande watakaorudia, ili akiwa amechoka apite karibu nawe; wakati wa kwenda mtaonana ng'ambo ya barabara na inatosha. Jua la asubuhi liwe mgongoni kwako, usije ukawa unakunja macho kutazama vivuli. Kama kuna kona, kaa upande wake wa nje. Marathoni hupimwa kwa njia fupi kabisa inayowezekana, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, kwa hiyo wakimbiaji wote wanabana ndani. Aliyesimama ndani yuko njiani mwao, na aliye nje anawaona wakija na wakiondoka.

Kisha mwambie mdogo wako leo, mdomoni na kwa maandishi: "Nitakuwa chini ya mlima, upande wako wa kulia ukirudi, nimevaa njano." Kulia au kushoto ni kwake yeye, usimpe upande wako wewe. Wengi hawalijui hili: ni rahisi zaidi mkimbiaji kumpata mtazamaji kuliko mtazamaji kumpata mkimbiaji. Ukitazama mamia ya watu wakipita kwa mwendo mmoja, macho yanapumbaa, na mtu wako anaweza kupita mbele ya pua yako ukiwa unatazama aliyemtangulia. Yeye ana watu wachache wa kutazama na amesubiri sehemu hiyo kwa saa nzima. Mpige picha asubuhi hiyo kabla hajaondoka, ujue rangi ya shati, kofia na viatu, na namba ya kifuani.

Akija, ita jina lake. Mwambie umbali wa kweli uliobaki. Tafadhali usimwambie "umekaribia kufika" akiwa na kilomita 10 mbele. Mtu aliyechoka hupiga hesabu, na uongo huo wa huruma humkata maini. "Imebaki kumi, mama yuko uwanjani anakusubiri" ni maneno yenye ukweli, na yanasukuma miguu.

Usikimbie naye, hata mita 100. Kwenye mbio zinazofuata kanuni za riadha, msaada wa mtu asiye kwenye mashindano umekatazwa, na hata kupokea kinywaji nje ya vituo rasmi kunaweza kumletea mkimbiaji onyo au kumtoa mashindanoni. Kwa washiriki wa kawaida waandaaji wengi ni wapole, lakini waulize kabla ya siku yenyewe kama unaruhusiwa kumpa chupa. Na mshike mkono kila mtu anayetaka kuingia barabarani. Athens mwaka 2004, Vanderlei de Lima wa Brazili alikuwa akiongoza marathoni ya Olimpiki, zikiwa zimebaki kilomita chache, mtazamaji mmoja akaruka barabarani na kumsukuma hadi kwenye umati. Alimaliza wa tatu. Hakuna ajuaye angemaliza wa ngapi, na hilo ndilo linalouma.

Kama mbio zenu zina washindani wa viti vya magurudumu, jueni kwamba mara nyingi hao huanzishwa kabla ya wengine, na hupita kwa kasi kubwa na kimya. Kwenye mteremko ule wanaweza kwenda kama gari. Watoto wasiwe karibu na ukingo.

Sasa mama. Mume wako akae naye pamoja na binti yako karibu na uwanja, mahali njia inapopita kwenye kilomita ya 10. Hapo mama atamwona akianza, atamwona tena karibu saa 1:04, na atamwona akimaliza, bila kutembea zaidi ya hatua chache. Kati ya kilomita ya 10 na mwisho kuna zaidi ya saa tatu na nusu. Asiketi juani muda wote huo. Apumzike, arudi kufika saa 4. Mchukulieni kiti cha kukunja, na mjue choo kiko wapi kabla hajauliza. Mwishoni msimbane kwenye uzio wa mstari. Mita 300 kabla ya mstari watu ni wachache, anaona barabara, na kijana bado ana akili ya kugeuza kichwa. Kama uwanja una majukwaa na ngazi si nyingi, kiti cha jukwaani ni bora kuliko vyote kwa magoti yake.

Kwa binti yako wa miaka sita, saa nzima ya kutazama watu wakikimbia ni ndefu. Mpe kazi. Anaweza kuhesabu wanawake wanaopita, au kunyoosha kiganja kwa wakimbiaji wa nyuma, ambao hupenda kukigusa. Wa mbele asiwanyooshee, wako kazini.

Wewe utatakiwa kufika chini ya mlima kabla barabara kuu haijafungwa. Waulize waandaaji saa ya kufunga na saa ya kufungua, na uulize kama kuna njia ya pembeni ya kurudi mjini. Baada ya kumwona saa 3 na nusu una zaidi ya saa moja kabla hajafika uwanjani. Ikiwapo njia ya pembeni, utamkuta akimaliza, na wewe mwenyewe utakuwa umemwona mara tatu. Isipokuwapo, usijaribu. Bora kubaki pale na kuwashangilia wanaomfuata, maana walio nyuma yake wamechoka kumzidi na hawana mtu.

Kuhusu programu ya simu inayofuatilia namba yake: itumie, lakini kwa tahadhari. Chipu husomwa kwenye mikeka tu, na katikati ya mkeka na mkeka programu inakisia. Ikiganda kwenye kilomita ya 21 kwa muda mrefu, mara nyingi mkeka haukusoma au mtandao umezidiwa. Ipe nafasi hadi mkeka unaofuata kabla ya kuanza kuwauliza wasimamizi.

Mwisho, kubalianeni mahali pa kukutana baada ya mbio, nje ya uwanja, mahali ambapo hata simu zote zikizima mtapatana. Mti fulani, geti fulani, msichague "karibu na mlango" kwa kuwa kila mtu atakuwa karibu na mlango. Atachukua muda kutoka, kwa sababu kuna foleni ya medali, maji na mizigo. Akitoka, asikae chini papo hapo. Mtembezeni polepole dakika kumi, avae nguo kavu, anywe kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa, anatetemeka bila kukoma au anasema kifua kinambana, msimpeleke nyumbani: mrudisheni kwenye hema la huduma ya kwanza mara moja.